Vishimo vya Pembeni

Mkewe alizoea kuwaambia wageni kwamba katika viti vyote vya nyumba yao, cha mumewe ndicho kisichozeeka, kwa sababu hakuna anayekikalia. Chai aliinywa amesimama, kikombe mkono mmoja, mkono wa pili ukikaza bomba la jikoni. Habari alizisikiliza akiwa mlangoni. Hata msibani, watu wakiwa wametulia na huzuni yao, yeye alikuwa akipanga viatu, akisogeza maji, akiuliza gari la nani limeziba njia. Kazini walimpa jina la Kiguu na Njia, kisha kwa uvivu wa ulimi wakalikata, likabaki Kiguu. Aliliitikia bila kinyongo. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, ishirini na mitatu kati ya hiyo akiwa fundi wa maabara, na aliamini kwamba kwa kazi kama yake kuhangaika si kasoro, ni nusu ya ujuzi.

Kazi yenyewe ilikuwa kuotesha uvimbe wa saratani ya titi nje ya mwili, ili dawa zijaribiwe kwa uvimbe huo kabla ya kujaribiwa kwa mwenye titi. Zamani, alipoanza, walikuwa wakiziotesha seli juu ya sakafu ya kisahani cha plastiki, zimetandazwa bapa kama shuka. Dawa ikimwagwa inazifikia zote kwa mpigo, zinakufa, watu wanapeana mikono. Kisha dawa ileile ikiingia mwilini mwa mgonjwa inagonga mwamba. Sababu ni kwamba ndani ya titi saratani haijatandazwa. Ni donge, ina nje na ina ndani. Seli za nje zimeshiba na zinazaana ovyo, za ndani zina njaa na zimejikunyata, na dawa nyingi huwachinja walio nje zikaishia hapo, kama mvua inayolowesha juu ya lundo la nyasi na kuacha chini pakavu. Siku kadhaa baadaye walio ndani wanaamka.

Ndipo wakaanza kuotesha madonge yenyewe. Kipande kilichokatwa hospitalini, kidogo kama punje ya haragwe, kinakuja katika kopo lililozungushiwa barafu. Kinakatwakatwa, kinalegezwa kwa dawa mpaka seli ziachane, kisha seli zinachanganywa na jeli maalumu na kupandwa katika sahani ya plastiki yenye vishimo tisini na sita, safu nane za vishimo kumi na viwili. Jeli hiyo ina kisirani: ikiwa kwenye barafu ni maji, ikionja joto la kiganja inaganda, na ukichelewa kidogo imegandia ndani ya pipeti ya kunyonyea na kipande cha mtu kimepotea. Hapo ndipo mikono ya Kiguu ilipong'aa. Mtu asiyeweza kukaa kwenye kiti chake aliweza kujaza vishimo sitini bila kupepesa. Baada ya wiki moja katika kabati la joto, ndani ya kila kishimo vinaota vitufe vidogo kuliko chembe ya chumvi. Ukivitazama kwa hadubini unaona saratani ya mtu fulani, yenye tabia za mtu huyo, iko hai na inakula. Anayeilisha ni fundi. Wanaosoma majibu hupigiwa makofi kwenye kumbi zenye viyoyozi. Aliyelisha hatajwi hata kwa herufi ndogo chini ya ukurasa, na hilo ni dhuluma iliyozoeleka mpaka imevaa sura ya utaratibu.

Kiguu alikuwa na sheria yake moja ambayo haikuandikwa popote: vishimo thelathini na sita vya pembeni, vile vinavyozunguka sahani kama ukuta, havipandwi kitu. Vinajazwa maji matupu. Sahani hukauka kuanzia pembeni, na kitufe kilichokaukiwa hufa kwa kiu kama ambavyo kingekufa kwa dawa. Ukikitazama kimekufa, huwezi kujua muuaji ni nani. Kila mgeni wa maabara alilalamika.

"Mzee, thelathini na sita vizima tunavinywesha maji?"

"Vya pembeni ni walinzi," alijibu. "Mlinzi hapewi kazi ya karani."

Mwaka huo mgeni alikuwa binti mmoja anayesomea udaktari wa falsafa, mwaka wa nne sasa, na kwa kuwa kila akiulizwa atamaliza lini alijibu "natarajia karibuni," walimwita Mtarajiwa. Yeye ndiye aliyekuwa akisoma sahani kwa mashine na kuandika hesabu. Juu yao wote alikuwa Profesa, mama mkimya, mwembamba, ambaye hasira yake ilijulikana kwa jinsi alivyozidi kushusha sauti.

Basi, Kiguu alikuwa na shemeji, mdogo wa mkewe. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Siku ya harusi alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, na aliwatangazia watu mbele ya bwana harusi kwamba dada yake ameolewa na feni: "Inazunguka usiku na mchana, haifiki popote." Tangu siku ile walikuwa wakitaniana bila likizo. Alipopata saratani ya titi alitania. Alipokatwa titi alitania, ingawa siku ile Kiguu alitoka nje ya wodi akajifanya anatafuta maji. Kisha, mwaka na nusu baadaye, kando ya kovu, kikaota kidonge kigumu. Dawa aliyopewa mwanzo ilikuwa imeshindwa, na ilipoondoka ilimwachia moyo uliochoka. Akipanda ngazi kumi anasimama kana kwamba anasoma tangazo ukutani.

Madaktari walikuwa na dawa nne mezani. Jopo lao lingekaa baada ya majuma mawili kuchagua moja. Walimwomba ridhaa wachukue kipande cha uvimbe kwa ajili ya utafiti, maabara iwapelekee majibu kama ushauri. Alikubali. Kiguu ndiye aliyemsindikiza hospitali asubuhi ya kukatwa kipande, akamwacha na dada yake, akaenda kazini. Saa tano likaja kopo moja lenye barafu, limebandikwa namba thelathini na moja. Siku hiyo halikuja lingine.

Utaratibu ulisema wazi: sampuli haina jina, na mtumishi atakayemtambua mwenye sampuli amjulishe Profesa na kumwachia mwingine kazi. Kiguu alijua maneno hayo kwa moyo. Ndiye aliyeyabandika mlangoni. Alilishika lile kopo, akahisi baridi yake ikipenya glavu, akajiambia atasema kesho. Mikono ya nani mingine ingeweza? Nani angeihurumia ile jeli kama yeye? Kesho ikaja, akajiambia kesho kutwa.

Kipande kilikuwa kidogo. Seli zilitosha sahani moja tu na kijitone cha kugandisha kwa akiba. Katika vishimo sitini vya katikati zilienea dawa tatu, pamoja na vishimo visivyotiwa dawa vya kulinganishia. Ya nne haikupata nafasi, na mwongozo uliruhusu: kipande kikiwa kidogo, jaribu tatu. Lakini ya nne ndiyo iliyokuwa mpya, ndiyo iliyosifiwa na kila mtu, ndiyo ambayo shemeji yake alikuwa ameisikia kwa mgonjwa mwenzake na kuiota. Kiguu aliitazama ile sahani. Vishimo thelathini na sita vya pembeni vilikuwa vitupu, vinamtazama. Akachukua pipeti, akapanda seli katika vyote.

Siku ya kutia dawa, ya nne ikaenda huko pembeni, yote.

Mtarajiwa alipita nyuma yake akasimama. "He! Leo walinzi wamepewa ukarani?"

"Dharura," alisema Kiguu.

"Haya. Dharura." Akacheka, akaandika.

Siku tano zilizofuata Kiguu hakuwa mtu wa kukaa karibu naye. Kwa kawaida kabati la joto lilifunguliwa mara moja kwa siku. Yeye alilifungua akifika asubuhi, akalifungua baada ya chai, akalifungua kabla ya chakula cha mchana, akarudi na kijiti cha meno mdomoni kuhakikisha amelifunga, akalifungua ili ahakikishe vizuri. Kila alipovuta mlango, pumzi ya moto na unyevu ilimpiga usoni, miwani ikajaa ukungu. Akaifuta kwa kona ya koti, akaitoa sahani, akaiinua kwenye mwanga kama mtu anayekagua yai.

"Mzee wangu," Mtarajiwa alimwambia siku ya tatu, "hilo si friji la nyumbani. Chakula hakijaongezeka tangu ulipochungulia."

"Naangalia joto."

"Joto limeandikwa mlangoni. Namba nyekundu. Kubwa hivi."

Jioni alipitia kwa shemeji yake. Alimkuta amezama katika rundo la sketi za bluu, amebana pini midomoni.

"Shem, ulisema kile kipande changu mnakilisha?" aliuliza kupitia pini.

"Kinakula vizuri."

"Kiambie kipunguze. Mimi nimechoka kulisha watu wawili kwa mshahara mmoja." Akapiga cherehani mstari mmoja mrefu, kisha akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "Ile ya nne mmeijaribu?"

Hakutakiwa kujibu. Alitakiwa kusema hajui kipande cha nani kiko wapi.

"Imo," alisema.

Jumatatu mchana Mtarajiwa alisoma sahani. Walio hai katika kila mia: dawa ya kwanza, themanini na wanane. Ya pili, hamsini na wanne. Ya tatu, themanini. Ya nne, tisa. Alirudia kusoma, ikawa tisa tena. Chini ya hadubini vitufe vya pembeni vilikuwa vimesambaratika, makombo meusi, nje na ndani, hakuna aliyesalia amejificha. Mtarajiwa alipiga kelele akaziba mdomo. Profesa alikuja, akainama kwenye lenzi muda mrefu, akainuka akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ambayo kwake ilikuwa shangwe, "Hii iende kwenye jopo Jumatano."

Kiguu hakungoja lifti. Alishuka ngazi ghorofa nne, akavuka barabara mbili, akaingia kwenye chumba cha ushonaji anahema kama aliyefukuzwa.

"Ipo dawa," alisema.

Shemeji yake alimtazama. Alizitoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye kimto.

"Usinitanie, shem. Kwa hili usinitanie."

"Sikutanii."

"Apa."

"Naapa kwa macho yangu haya mawili. Mia wamebaki tisa."

Yule mwanamke ambaye hakuwa amelia siku ya kukatwa titi aliufunika uso kwa sketi ya mtoto wa darasa la pili, akalia kama watu wanavyolia, kwa sauti. Na Kiguu akalia pamoja naye, akizunguka chumba kizima, akigusa vitambaa.

Usiku ule alilala vibaya na hakujua kwa nini. Kitu fulani kilikuwa kinamwasha, kama unyasi ndani ya soksi. Asubuhi ya Jumanne, akiandaa sahani ya namba thelathini na moja kwa ajili ya kutupwa, alikijua. Kabla ya kutupa sahani unanyonya majimaji yake kishimo kwa kishimo, unayamwaga kwenye ndoo ya dawa ya kuulia vijidudu. Alianza na kishimo cha kona. Pipeti ilifyonza kidogo, kisha ikatoa mlio wa hewa, kama mtoto anayemaliza kinywaji kwa mrija. Mlio ule alikuwa ameusikia Jumatatu, alipokuwa akifyonza kijitone cha kusomea kutoka kila kishimo. Aliusikia, mkono wake ukauelewa, na kichwa kikaunyamazisha.

Akaweka pipeti chini. Akachukua nyingine, ile ya kupimia, akapima. Kishimo cha katikati: alitia mikrolita mia, yamebaki tisini na sita. Cha pembeni: sabini. Cha pembeni kingine: sitini na nane. Cha kona ya pili: hamsini na saba. Aliivua miwani, akaishika mbele ya macho yake, na hapo ndipo alipouona ule ukungu wa siku tano. Unyevu wote aliokuwa akiufuta kwa kona ya koti ulikuwa wa kuilinda sahani. Yeye mwenyewe, kwa kupenda kwake, kwa kuchungulia kwake, ndiye aliyevikausha. Maji yakipungua, chumvi inabaki na kukolea. Vitufe vilikuwa vimekufa kwa kiu ndani ya maji ya chumvi. Au kwa dawa. Au kwa vyote viwili. Hakukuwa na namna ya kujua, maana huko pembeni hakuacha hata kishimo kimoja kisicho na dawa cha kulinganishia.

Huenda, alijiambia, huenda dawa kweli inafanya kazi. Neno "huenda" ni tamu. Limeua watu wengi kuliko sumu. Ndoo ilikuwa karibu na goti lake. Kunyonya vishimo vyote kungechukua dakika nne, na baada ya dakika nne pasingekuwa na mtu duniani wa kumwuliza kitu. Lakini ya nne ilikuwa na tabia moja iliyoandikwa kwenye karatasi zake zote: inaushambulia moyo. Wenye moyo mzima huvumilia. Shemeji yake alikuwa anasoma matangazo ukutani kila ngazi kumi. Wakimtia dawa hiyo kwa sababu ya makombo yaliyokufa kwa kiu, watamchoma moyo bure, huku donge limekaa pale pale linashiba.

Alizunguka meza mara mbili. Akatoka kwenye korido, akarudi. Akaifunika sahani kwa kifuniko chake, akaibeba kwa mikono miwili mpaka ofisini kwa Profesa.

Profesa alikuwa akipanga picha za kupeleka kwenye jopo. Picha ya kwanza ilikuwa ya vishimo vya pembeni.

"Hiyo uitoe," alisema Kiguu.

"Samahani?"

"Nilipanda pembeni. Vimekauka. Nimepima, kona imebaki hamsini na saba." Akaiweka sahani mezani. "Na mwenye sampuli ni shemeji yangu."

Profesa alifungua kifuniko, akavaa glavu, akachukua pipeti kwenye droo yake mwenyewe, akapima vishimo vitatu. Alipozungumza, sauti ilikuwa imeshuka mpaka Kiguu alilazimika kuinama.

"Ulijua lini kwamba ni yake?"

"Siku ileile. Saa tano."

"Majuma mawili."

"Ndiyo."

"Nani mwingine anajua kuhusu ile tisa?"

Kiguu alitazama sakafu.

"Umemwambia mgonjwa," alisema Profesa. "Mungu wangu. Miaka ishirini na mitatu, na umemwambia mgonjwa."

"Nimemwapia."

Palepale alimpigia simu mkuu wa jopo, mbele ya Kiguu, bila kumfunika wala kumpamba: fundi wangu amekosea, amekuja mwenyewe kusema, majibu ya dawa ya nne yafutwe, nipe muda nirudie kwa seli za akiba. Walipewa wiki mbili, na si siku zaidi, kwa kuwa ugonjwa nao una kalenda yake. Kisha akanyoosha mkono. Kiguu akavua kadi ya mlango shingoni, akamkabidhi. Kazi ya kurudia ilipewa Mtarajiwa.

Kumwambia Profesa ilikuwa kupanda kilima. Kumwambia shemeji yake ilikuwa kitu kingine. Alimkuta anaimba. Alisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakupata la kugusa.

"Nilikosea," alisema. "Ile tisa si ya kweli. Yaani, haijulikani." Akamweleza habari za vishimo vya pembeni, ukavu, kabati, miwani. Alieleza mpaka akaishiwa.

Alimsikiliza bila kukatiza.

"Uliniapia."

"Nilikuapia."

"Nimempigia simu kila mtu. Jana nimekula, unajua? Nimekula nikamaliza sahani." Alikaza macho kwenye kitambaa. "Ungeniacha tu na wasiwasi wangu. Nilikuwa nimeshauzoea. Nani alikuomba?"

"Shem…"

"Usiniite shem leo. Ondoka. Nenda ukazunguke kwingine."

Mkewe hakumfokea. Alimwekea chai mezani akaenda kukaa chumbani, na hilo lilimuuma zaidi.

Siku zile kumi na mbili Kiguu alipangiwa chumba cha kuoshea vyombo. Aliosha chupa zilizokwisha kuoshwa. Alipanga vizibo kwa ukubwa, kisha kwa rangi, kisha kwa ukubwa tena. Kila saa alijikuta koridoni, kwenye kioo kidogo cha mlango wa chumba asichoruhusiwa, akizitazama namba nyekundu za kabati la joto: thelathini na saba nukta sifuri. Ndani mle kijitone cha mwisho cha shemeji yake kilikuwa kinaota bila yeye. Mtarajiwa alikuwa amejaza maji katika vishimo vyote thelathini na sita vya pembeni. Alilifungua kabati mara moja kwa siku, saa mbili asubuhi, akalifunga kwa goti. Siku ya nane alitoka akamkuta Kiguu amebandika paji la uso kwenye kioo.

"Vinaota?" aliuliza.

"Siruhusiwi kukwambia, mzee."

"Najua."

"Basi usiulize." Alipiga hatua mbili, akageuka. "Kula kitu. Unakonda kuliko mimi, na mimi ndiye mwanafunzi."

Kiguu alikuwa na hamu ya kuvunja mlango. Lakini kilichomkosesha raha zaidi, na alikuja kukikiri baadaye kwa mkewe, ni kwamba hakujua aombe nini. Akiomba dawa ya nne iue, alikuwa anaomba vilevile kosa lake lisamehewe kwa bahati.

Siku ya kumi na mbili Profesa alimwita. Hakumkaribisha kiti.

"Ya nne, katikati, pamoja na vishimo vya kulinganishia," alisema. "Walio hai themanini na mmoja katika mia. Ndani ya vitufe hakuna hata kovu."

Kiguu aliegemea ukuta.

"Ungeimwaga ile sahani kwenye ndoo," Profesa aliendelea taratibu, "leo wangekuwa wanamwekea mshipani. Ulijua hivyo ulipokuja?"

"Nilijua."

"Vizuri. Barua yako ya onyo hii hapa. Miezi mitatu hugusi sampuli." Akampa karatasi ya pili. "Na huu ni mwongozo mpya. Vishimo vya pembeni havipandwi, vinajazwa maji. Kabati hufunguliwa mara moja kwa siku. Kaubandike."

Aliusoma. Sheria yake ya miaka yote ilikuwa imeandikwa kwa wino, ina namba na tarehe, na jina la kamati iliyoipitisha. La kwake halikuwepo. Alikwenda akaubandika, akaunyoosha kona zote nne kwa kidole gumba, kwa sababu ulikuwa wa kweli, na ukweli haungoji kumjua baba yake ndipo uokoe watu.

Jopo lilichagua dawa ya pili, ile ya hamsini na nne, ambayo siku ya furaha hakuna aliyeitazama mara mbili. Asubuhi ya kuanza, mke wa Kiguu alipiga simu kutoka wodini. "Anasema uje," alisema. "Anataka uje na namba. Anasema umwambie mwenyewe, kwa mdomo wako, wala usilete huruma."

Shemeji yake alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa mpira, muuguzi anatafuta mshipa. Hakutabasamu alipomwona.

"Ya nne?"

"Themanini na mmoja katika mia wanabaki hai."

"Ya pili?"

"Hamsini na wanne."

Mshonaji alikunja uso, anapima kama anavyopima kitambaa. "Yaani hii mnayonitia inaacha zaidi ya nusu."

"Katika sahani, ndiyo. Mwilini sijui."

"Na hiyo nusu?"

"Sijui, shem." Neno lilimtoka kabla hajalizuia. Alingoja afukuzwe. Hakufukuzwa.

Kwenye kabati la kando ya kitanda kulikuwa na fomu kutoka maabara: waliomba, akiridhia, wachukue kipande kingine baada ya miezi miwili, wapate kujua ni dawa gani ingeziua seli zilizosalia. Dada yake alikuwa amekwisha kumwambia aitupe. Aliichukua kwa mkono ulio huru, akaiweka pajani, akaisoma mpaka chini, akamwomba muuguzi kalamu. Alisaini kwa herufi kubwa, zilizopinda kidogo kwa sababu ya mto.

"Atapanda nani?" aliuliza.

"Mtarajiwa. Mimi bado nimefungiwa."

"Afadhali."

Muuguzi alipata mshipa. Tone la kwanza lilishuka kwenye mrija, likafuatwa na la pili, na wote watatu wakayatazama kwa muda kama watu wanaotazama treni ikiingia kituoni. Kisha shemeji yake akajiweka vizuri kwenye mto, akamgeukia.

"Haya. Dawa ina saa nne kuisha, na dada amekwenda kulipia vipimo. Nieleze hilo donge likoje. Nje kuna nini, ndani kuna nini, na hao wasiokufa wamekaa wapi. Usiruke kitu."

Kiguu akaanza kumweleza, kuanzia nje.